Hedifoni sahihi au hedifoni tamu? Nimechoka kuambiwa kwamba masikio yangu ndiyo yaliyokosea

Karani wa Rongai (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Uzi huu utakuwa mrefu, kwa hivyo anayetaka jibu la mstari mmoja anisamehe mapema.

Kwa miaka sita nilisikiliza muziki kwa hedifoni ya plastiki yenye besi nzito, ya aina ile ambayo vijana huivaa shingoni hata wakati haichezi kitu. Waya wake ulipokatika mara ya tatu na fundi akakataa kuulehemu tena, niliamua kununua kitu cha watu wazima. Nilisoma wiki nzima, nikatazama michoro inayoonyesha hedifoni inatoa kila sauti, kuanzia besi mpaka zile za juu, kwa nguvu kiasi gani, nikauliza wanaojua, na mwishowe nikanunua Sony MDR-7506, ambayo imekuwa sokoni tangu 1991 na ambayo ni vigumu kuingia katika studio ya redio usiione ikining'inia mahali. Niliambiwa kwamba hiyo ndiyo sauti ya kweli, sauti isiyotiwa sukari.

Jioni ya kwanza niliwasikiliza Les Wanyika, bendi ya rumba ya Nairobi. Anayewafahamu anajua kwamba gitaa la besi la Tom Malanga halisindikizi wimbo bali linauongoza, na vyombo vingine huliandama kama watoto wanaomwandama mama yao sokoni. Katika hedifoni yangu mpya mama huyo alikuwa amebaki nyumbani. Nilisikia vidole vikikwaruza nyuzi za gitaa la solo, nilisikia mwimbaji akivuta pumzi, na kila "s" na kila "sh" ilinichoma kama shazia. Nilisikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, na sikufurahia hata moja. Nilipolalamika, wajuzi walinijibu kwamba masikio yangu yamezoea uongo, niyape wiki mbili yauzoee ukweli. Nimeyapa miezi mitatu.

Kwa hiyo nauliza: huo ukweli wanaousema ni ukweli wa kitu gani? Amplifaya naielewa. Mawimbi ya umeme yanaingia upande huu, yanatoka upande ule yakiwa makubwa zaidi, na ukilinganisha kilichoingia na kilichotoka unaweza kusema hasa kimeharibika kiasi gani. Hedifoni haipimiki kirahisi hivyo, kwa sababu kazi yake inaishia ndani ya sikio la mtu. Spika iliyo mbele yako inapotoa sauti, sauti hiyo hugonga mabega, huzunguka kichwa, hukunjwa na mikunjo ya sikio la nje, kisha tundu la sikio lenyewe huikuza, hasa karibu na hezi 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde, kwa zaidi ya desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kabla haijafika kwenye ngoma ya sikio. Ubongo umeishi na kilima hicho tangu utotoni na hauoni kwamba ni kilima. Hedifoni, kwa kuwa inakaa juu ya sikio au ndani yake, huruka sehemu kubwa ya safari hiyo. Ukitengeneza hedifoni ambayo mchoro wake umenyooka kama rula pale kwenye ngoma ya sikio, mtu ataisikia kama redio iliyofunikwa blanketi. Ni lazima mtengenezaji akirudishe kilima kile yeye mwenyewe, na hapo ndipo swali linapoanza, kwa sababu hakuna sheria ya maumbile inayosema kiwe cha urefu gani hasa.

Katika miaka ya 1980 Mjerumani Günther Theile alitetea kipimo cha sauti inayomfikia msikilizaji kutoka pande zote kwa usawa. Baadaye, kuanzia mwaka 2012 na 2013, Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman ya Marekani walifuata njia nyingine. Waliwaketisha watu, wakawachezea muziki, wakawauliza wanapenda ipi. Mkondo uliotoka humo, yaani mchoro wa sauti iliyopendwa na wengi, ndio ambao leo kila mchambuzi anautumia kama mizani. Katika uchambuzi wao wa baadaye asilimia 64 ya washiriki waliangukia katika kundi lililoupenda mkondo huo, asilimia 15 walitaka besi izidi, na asilimia 21 walitaka ipungue.

Sasa nisaidieni. Kama mizani yenyewe ilipatikana kwa kuwauliza watu kipi kinawapendeza, ni kwa haki gani mtu ananiambia kwamba mimi nafuata utamu na yeye anafuata usahihi?

Besi ya Umoja

Mimi gari lisilo na besi silipandi, sembuse hedifoni. Rudisha hiyo dukani, ndugu.

Mchanganya Sauti

Ndugu Karani, umeuliza vizuri, lakini umeyafunga pamoja mambo mawili ambayo mimi kazini nayatenganisha kila siku. Nachanganya sauti za vipindi, za kwaya na mara moja moja za bendi, na MDR-7506 ninayo mezani wakati ninapoandika maneno haya. Nitaitetea kama chombo, lakini aliyekuambia kwamba hiyo ni sauti ya kweli amekupotosha. Masafa yake ya juu, yaani zile sauti nyembamba na kali, yamepandishwa, na yeyote aliyeipima ameona hivyo. Tunaipenda kwa sababu hiyo hiyo unayoilalamikia, yaani "s" inayochoma, mate mdomoni mwa msomaji wa habari, mlio wa waya usiokaa sawa, kiti kinacholia nyuma ya mahojiano. Inafanya kazi kama tochi ya fundi wa magari anapoingia chini ya gari, na hakuna mtu anayeweka tochi hiyo sebuleni ili ale chakula cha jioni kwa mwanga wake.

Studio zimejaa vyombo vya namna hiyo. Spika za Yamaha NS-10 zilizotoka mwaka 1978, zile zenye koni nyeupe, zilikaa juu ya meza za studio dunia nzima, na sijui mtu aliyezisikiliza kwa starehe. Besi yao ilikuwa haba na sauti za kati zilikuwa mbele mno, ndiyo maana wimbo uliosikika vizuri humo ulisikika vizuri mahali pengi. Kwa hiyo tenganisha chombo cha kutafutia makosa na chombo kilicho sahihi. Wewe uliuziwa cha kwanza kwa jina la cha pili.

Hoja yako ya Harman sikubaliani nayo. Ni kweli waliwauliza watu, lakini jambo walilolikuta ndilo lililonifanya niache ubishi niliokuwa nao zamani. Wasikilizaji waliofunzwa na wasiofunzwa, wa nchi mbalimbali, walielekea kukubaliana. Kama utamu ungekuwa wa kila mtu na wake, matokeo yangetawanyika kama punje za mahindi zilizomwagika. Yalikusanyika mahali pamoja, tena mahali penyewe panafanana sana na jinsi spika nzuri, iliyonyooka katika vipimo, inavyosikika ikiwa ndani ya chumba cha kawaida. Chumba huipandisha besi kidogo na kuishusha sauti ya juu kidogo, na watu wanataka hedifoni iwape hali hiyo hiyo. Kwa hiyo hawakuwa wakichagua ladha tu. Walikuwa wakitambua kitu wanachokijua, bila kuwa na jina lake.

Niongeze jambo litakalowaudhi wenye hedifoni za bei ya pikipiki. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa hedifoni 283 na hakukuta uhusiano kati ya bei na mwitikio wa masafa. Bei haikumwambia kitu kuhusu umbo la sauti. Ilimaanisha labda ngozi laini, labda jina.

Binti wa South B

Naomba kuingilia kati, kwa sababu ninyi kina kaka mnazungumza kana kwamba hedifoni moja inatoa sauti moja kichwani mwa kila mtu.

Mimi husuka nywele, na rafiki yangu ninayefanya naye kazi huvaa mtandio. Hedifoni zinazofunika sikio hutegemea mto wake uzibe vizuri pande zote, kwa sababu besi inahitaji hewa iliyofungiwa ndani. Mto ukiinuliwa na rasta moja nene, au na mkono wa miwani, hewa inavuja na besi inatoroka nayo. Mwezi uliopita nilisukwa mistari minene, na hedifoni niliyoizoea kwa miaka miwili ikageuka kuwa redio ya mkulima shambani. Nilidhani imeharibika. Nilipofumua nywele, besi ilirudi.

Kwa hiyo mtu anaponiwekea mchoro uliopimwa kwa kichwa bandia, nauliza kichwa hicho kilisukwa mtindo gani. Sisemi kwa dhihaka, maana kichwa cha maabara kina sikio la mpira lenye umbo moja, hakina nywele, hakivai miwani, na hata hicho watu wakiivua hedifoni na kuivalisha upya wanapata mchoro ulio tofauti kidogo, hasa katika masafa ya juu kabisa. Iafoni za kuingiza ndani ya sikio zimenisaidia zaidi, ilimradi nipate kizibo cha mpira kinacholingana na tundu langu. Kikiwa kidogo mno, hadithi ni ile ile ya besi kutoroka. Wengi wanaosema kwamba iafoni fulani haina besi wamevaa kizibo kisicho chao, na vizibo vya ukubwa mwingine bado vimo kwenye boksi, ndani ya kifuko ambacho hawajakifungua.

Kaunta ya Luthuli

Nimeuza vitu hivi Luthuli Avenue kwa muda wa kutosha, na leo nitasema jambo ambalo huenda wenzangu wasilifurahie.

Mteja akija na kutaka kulinganisha hedifoni mbili, muuzaji anayetaka kuiuza ya pili hahitaji maneno mengi. Anachofanya ni kuicheza ya pili kwa sauti iliyo juu kidogo. Sizungumzii sauti ya kumshtua mtu, nazungumzia kuongeza kidogo tu, kiasi ambacho mteja hatambui kwamba sauti imepanda, ila anahisi kwamba hii ina uhai zaidi, ina besi zaidi, waimbaji wako karibu zaidi. Wakati mwingine muuzaji hana hatia yoyote, kwa sababu hedifoni zenyewe hazilingani. Ile ya ohamu 32, yaani yenye ukinzani mdogo wa umeme, inapiga kelele kwa simu yoyote, na ile ya ohamu 300 kama Sennheiser HD 600 inanong'ona kwenye simu hiyo hiyo, mteja anaiweka chini akisema ni hafifu.

Wimbo wa kujaribia nao ni mtego. Ukiona muuzaji ana wimbo wake mmoja anaoucheza kwa kila mteja, jua kwamba wimbo huo umechaguliwa. Njoo na wa kwako, unaoujua mpaka pale mpiga ngoma anapokosea.

Kuhusu bei namuunga mkono Mchanganya Sauti. Siku hizi iafoni za waya kutoka Uchina, kama Moondrop Chu ya dola 20 hivi, zinaletwa zikiwa zimelenga mikondo ya namna hiyo mnayoizungumzia. Miaka kumi na tano iliyopita kwa bei hiyo ungepata kelele tu. Wateja wananunua, kisha nusu yao wanarudi kuuliza kama nina yenye besi zaidi. Nawapa. Sijawahi kumwambia mteja kwamba amekosea kupenda anachokipenda, na kodi ya kaunta hailipwi kwa mahubiri.

Mzee wa Santuri

Vijana wangu, mmezungumza juu ya sikio na juu ya hedifoni, lakini hakuna aliyeigusa rekodi yenyewe, nami nimekaa nazo tangu enzi ambazo santuri za mizunguko 45 zilikuwa zikitengenezwa hapa hapa Nairobi.

Mnaposema sahihi, mnamaanisha sahihi kwa kulinganisha na nini? Bwana Karani anasikiliza rumba ya Nairobi. Muziki huo ulirekodiwa kwa mkanda, fundi akausikiliza kwa spika ambazo leo hatuna, katika chumba ambacho labda sasa ni ghala la vitambaa. Kisha ulikatwa kwenye santuri, na anayekata santuri hawezi kuweka besi yote anayoitaka, kwa sababu mfereji wa besi nzito ni mpana, unakula nafasi, na ukizidi unairusha sindano. Kwa kawaida besi hupunguzwa wakati wa kukata na kurudishwa wakati wa kucheza, kwa kanuni ambayo viwanda vilikubaliana katikati ya miaka ya 1950. Baadaye mtu fulani aliichukua santuri yake iliyochakaa, akaicheza kwa sindano aliyokuwa nayo, akaiingiza kwenye kompyuta, akaifinya ili iwe nyepesi kutumwa, na rafiki yake akaifinya tena. Faili hilo ndilo ambalo Bwana Karani alilichezea katika hedifoni ya studio. Hedifoni ilimletea kwa uaminifu mkubwa makosa ya watu wanne.

Floyd Toole, ambaye alitafiti spika kule Kanada kabla ya kujiunga na Harman, aliliita jambo hili duara la mkanganyiko. Rekodi zinatengenezwa kwa kusikilizwa katika spika, spika zinahukumiwa kwa kuchezewa rekodi, na hakuna aliyeshika ncha ya kamba. Mimi nina santuri na faili la wimbo ule ule. Katika santuri, besi ipo, nene na ya duara, na hiyo nimeithibitisha kwa mashine mbili tofauti. Kwa hiyo Bwana Karani anapoiongeza besi katika faili lake, mimi nasema huenda anausogelea wimbo wenyewe na wala hauharibu. Atakayebisha aje Jumamosi tukutane Soko la Kenyatta, pale panapouzwa santuri, nitakuja na yangu.

Mchanganya Sauti

Mzee, heshima zako, na hapo umenishika. Ila kuna tahadhari moja. Anayeongeza besi kwa ikwalaiza, yaani programu ya kupandisha au kushusha besi na sauti za juu, kwa kuwa rekodi moja imepungukiwa nayo anajua anachokifanya, na anaweza kuiondoa wimbo unaofuata ukianza. Hedifoni iliyojengwa na besi ya kuzidi inaiongeza kila mahali, hata katika wimbo wa juzi ambao tayari umeshiba. Ndiyo maana bado nasema anza na hedifoni iliyonyooka, kisha tia chumvi mwenyewe. Simu za Android zina programu kama Wavelet, na kompyuta ya Windows ina Equalizer APO, na zote hazikudai senti.

Ndugu Karani, kabla hujaiuza hiyo Sony, fanya jaribio, na ulifanye kwa hedifoni moja tu. Huwezi kulinganisha hedifoni mbili bila kujua ipi ni ipi, kwa sababu uzito na mito vinakuambia papo hapo. Hata watafiti wa Harman walilazimika kutumia hedifoni moja na kuibadilisha kwa programu ili iige sauti za nyingine. Fanya hivyo hivyo. Sawazisha kiwango cha sauti kwanza, la sivyo utakuwa umejiuzia mwenyewe kwa ujanja wa Kaunta ya Luthuli.

Kaunta ya Luthuli

Ujanja nimewaambia bure, na bado nasimangwa.

Karani wa Rongai

Nimerudi baada ya wiki mbili. Ahsanteni nyote, na samahani kwa kimya. Hesabu za mwisho wa mwezi hazina huruma.

Nilifanya jaribio kama nilivyoelekezwa. Niliweka mipangilio mitatu katika ikwalaiza kwa hedifoni ile ile ya Sony. Wa kwanza ulikuwa hedifoni kama ilivyotoka kiwandani. Wa pili ulikuwa umesahihishwa kuelekea mkondo wa Harman, na hapo sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kushusha ule mchomo wa juu. Wa tatu ulikuwa huo wa pili pamoja na desibeli 5 za besi chini ya hezi 100. Mpwa wangu wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa akibadilisha, nami nikiwa nimempa mgongo, akiandika majibu yangu kwenye daftari lake la hisabati. Kusawazisha kiwango ndiko kulikotuchosha. Tulicheza kelele ya mfululizo, ile inayofanana na mvua juu ya mabati, tukiupandisha na kuushusha kila mpangilio mpaka yote mitatu ikawa na nguvu moja kwa sikio langu na kwa lake. Najua sikio si kipimo, lakini ndilo tulilokuwa nalo.

Usiku wa kwanza, saa nne, nyumba ikiwa imetulia na sauti ikiwa ya wastani, niliuchagua wa pili mara nane katika mara kumi. Mpangilio wa kiwandani sikuuchagua hata mara moja, na wala mpwa wangu hakuuchagua alipokaa kwenye kiti. Naomba hilo liandikwe kwa herufi kubwa mahali fulani, kwa sababu kwa miezi mitatu nilikuwa nimeambiwa kwamba huo ndio ukweli ninaoukimbia. Besi ya Malanga ilikuwa imerudi nyumbani, haikupiga mayowe, ilikuwa inaongoza tu kama inavyostahili. Kwa hiyo, Mchanganya Sauti, nimekubali kwamba sikuwa mpenzi wa besi kiasi nilichodhani. Nilikuwa nimechoshwa na trebo, yaani zile sauti za juu.

Usiku wa pili nilipunguza sauti mpaka ikawa ya kusikilizia wakati mtoto amelala chumba cha pili. Majibu yaligeuka. Niliuchagua wa tatu mara saba. Nilidhani nimejichanganya, nikarudia kesho yake, yakawa yale yale. Baadaye nilikumbuka kwamba jambo hili lina maelezo ya zamani sana. Fletcher na Munson wa maabara za Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti inapopungua, sikio hupoteza besi haraka kuliko linavyopoteza sauti za kati. Redio za kale za sebuleni zilikuwa na kitufe cha kuirudisha besi hiyo wakati sauti iko chini, na mimi nilidhani ni pambo.

Jaribio la tatu nililifanya ndani ya matatu, kutoka Railways mpaka Rongai, jioni, njia ya Magadi. Nilichagua gari lisilocheza muziki, jambo ambalo katika njia yetu linahitaji subira. Hapo mpwa hakuwepo, kwa hiyo nilijibadilishia mwenyewe, na mwenye kutaka kulitupa jaribio hilo alitupe. Lakini tofauti ilikuwa kubwa mno kuhitaji shahidi. Mngurumo wa injini na matairi unakaa masafa ya chini, pale pale inapokaa besi, na unaifunika. Mpangilio wa pili, ambao nyumbani ulikuwa kamili, ndani ya gari ulisikika kama ule wa kiwandani, kamba za juu bila mama wa kuziongoza. Wa tatu ulisikika kama ule wa pili unavyosikika nyumbani. Sikuwa nikisikia besi ya ziada. Nilikuwa nikisikia besi iliyobaki baada ya injini kuchukua sehemu yake.

Kwa hiyo namwomba radhi Besi ya Umoja, ambaye nilimdharau kimoyomoyo. Mtu anayesikiliza muziki kwa saa mbili kila siku ndani ya gari, na saa sifuri katika chumba kitulivu, akinunua hedifoni yenye besi ya kuzidi amepata kilicho sawa na maisha yake. Aliyemcheka anasikiliza katika chumba chenye zulia.

Besi ya Umoja

Radhi imepokewa. Ila hujasema kama ulipandisha sauti yote pia ndani ya gari.

Karani wa Rongai

Nilipandisha, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kwa mpangilio wa pili kidole kilikuwa kikienda chenyewe kwenye kitufe cha sauti nikiitafuta besi, na pamoja na besi nikawa napandisha kila kitu. Kwa wa tatu niliridhika nikiwa chini zaidi.

Mchanganya Sauti

Hapo ndipo hata mimi ninayelala na kuamka na usahihi nakubaliana na utamu. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kama ukomo wa mtu mzima, na kila desibeli 3 unazoongeza hukata muda huo nusu, yaani 83 kwa saa 20, 86 kwa saa 10. Kama desibeli chache za besi zinakufanya ushushe mengine yote, zitie. Afadhali zaidi ni kuizuia kelele yenyewe, kwa kizibo kinachoziba vizuri au kwa hedifoni zinazofuta kelele kwa umeme, ambazo nguvu yao kubwa iko katika mngurumo huo huo wa masafa ya chini. Amar Bose alilipata wazo hilo akiwa ndani ya ndege mwaka 1978, na naamini angepanda gari la Rongai angelipata mapema zaidi.

Binti wa South B

Zinazofuta kelele na zenyewe zinahitaji mto uzibe. Nasema tu, kabla kaka hajatumia mshahara wake.

Karani wa Rongai

Sitatumia, dada. Sony imebaki, ikwalaiza imo kwenye simu ikiwa na mipangilio miwili, mmoja nimeuita Nyumbani na mwingine Magadi Road. Iafoni za dola 20 nimemchukulia mpwa, kwa kuwa aliandika vizuri, na yeye tayari ameweka desibeli 9 za besi bila kumwuliza mtu.

Mzee, Jumamosi saa nne nitakuwa Soko la Kenyatta na faili langu. Njoo na santuri, na kama mwenye kibanda ataturuhusu kuchomeka hedifoni kwenye amplifaya yake, nataka kuisikia hiyo besi ya duara kabla sijaongeza desibeli nyingine hata moja.

Mzee wa Santuri

Nitakuja nayo. Uje na kiunganishi kikubwa, ile plagi nene ya zamani. Yenu nyembamba haitaingia.